Mkeka Wetu Ulivyokwenda Milimani

Tangu nirudi, kila anayekuja kunipa pole ya safari hunitazama mikono kwanza, kisha hutazama pembe za chumba. Najua mnatafuta nini. Mishi amekwisha kusema mbele za watu kwamba nimeuuza mkeka. Bi Mwanakombo hajasema neno, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nimeamua kuandika kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mtanikatiza kwa maswali, na mwisho wa habari sitaufikia. Asomaye haraka awasomee wenzake. Mkimaliza, nihukumuni.

Sijauuza.

Kinondo hadi Likoni

Chanzo mnakijua, ila nikiseme kwa ajili ya atakayesoma naye hakuwako. Lena, yule dada wa Kizungu aliyekuja Diani, aliiona mikeka yetu akaishika na kuigeuza upande wa nyuma, kama anunuaye samaki. Akasema kwao Uswisi, juu milimani, watu wa sanaa watakusanyika wiki sita katika kijiji kilicho chini ya bwawa la umeme, na kila mmoja atatengeneza kitu kinachohusu watu, maumbile na nguvu za umeme. Alitaka msusi mmoja. Mkanichagua mimi kwa kuwa nilikuwa dobi wa hoteli miaka kumi na minne na nina Kiingereza. Hakuna aliyeuliza ni Kiingereza gani. Ni cha taulo. Najua kuuliza kama zinatosha, na najua kuomba radhi mashuka yakichelewa.

Tuko wanawake saba. Sita mlisuka ukili wenu hapahapa, kila mtu utepe wake mrefu wa majani ya miyaa, kila mtu na rangi zake. Mimi nilibeba miyaa mikavu nikausuke wa saba kulekule, kisha niushone mkeka mzima.

Asubuhi ya kuondoka nilipita kwa Bi Mwanakombo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeufunga vyema?"

"Nimeufunga."

"Basi sikiza. Mkeka si picha. Uende ukakaliwe na watu, kisha uturudie. Mambo mawili hayo, si zaidi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bibi. Inshallah."

Mambo mawili. Niliyashika njia nzima.

Likoni mvua ilitufungia kwenye foleni ya kivuko. Mzigo wangu nilikuwa nimeuzungushia shuka jeupe, mrefu, nimeulaza mapajani. Mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya viazi vya karai aliutazama, akavua kofia ya nailoni aliyojikingia mvua.

"Poleni sana. Msiba ni wa wapi?"

"Si msiba, mamangu. Ni ukili. Unakwenda Ulaya."

"Kwani huko hawana mikeka?"

"Nasikia wana viti."

"Masikini," akasema, akanipa viazi viwili vya njiani.

Addis Ababa, na kungoja

Ndege ya pili ilichelewa kwa ukungu. Tulikaa uwanjani kutoka alfajiri hadi baada ya adhuhuri. Kando yangu alikaa mama wa Kihabeshi na mtoto mchanga, hana Kiswahili, nami sina chake. Nilitoa mahamri yangu, naye akatoa mkate wake mwembamba mchachu. Mtoto alipolala alimweka mapajani mwangu bila kuuliza, akaenda msalani. Aliporudi akanishika mkono akaubana, tukakaa hivyo mpaka walipoita ndege yake.

Nautaja mkono huo kwa sababu sikuguswa tena kwa muda mrefu. Wakati ule sikulijua hilo, ndiyo maana sikuuthamini.

Nilipofika Uswisi, afisa wa forodha aliufungua mzigo, akainusa miyaa, akaniuliza kama ina uhai. Swali gumu hilo. Nilichomoa minne nikasuka kipande cha kiganja mbele yake. Akamwita mwenzake, wakatazama wote wawili wameinama, kisha wakanifungia mzigo vizuri kuliko nilivyoufunga mwenyewe.

Basi la kwenda juu

Lena alinipokea, tukapanda treni, kisha basi. Mimi ni mtu wa pwani na mama yangu alinilea. Nilipoingia basini nikatoa salamu kwa basi zima. Basi zima likatazama dirishani.

"Hawana ubaya," Lena akanong'ona. Tulizungumza kile Kiingereza, yeye akikipunguza na mimi nikikinyoosha. "Wanaona haya."

"Haya ya nini? Nimewasalimu tu."

Njia ilipanda kwa kona, na kila kona nilidhani tumefika. Milima ile siwezi kuwaeleza. Mnaijua Shimba, jinsi inavyokaa kule bara kwa upole. Hii haikukaa kwa upole. Ilisimama wima pande zote na theluji kichwani, hata nikajikuta natafuta upande ambao bahari ingekuwa. Hapakuwa na upande huo. Juu kabisa, katikati ya milima miwili, palikuwa na ukuta mweupe wa saruji, mrefu kupita mnara wowote niliouona. Lena akasema nyuma ya ukuta huo ndimo maji yalimo, na taa za miji ya mbali zinawaka kwa maji hayo.

Nilitafuta mto kijijini. Nikaona mawe makavu. Maji yote yapo ndani ya mabomba, tumboni mwa mlima, na huyasikii.

Chumba chenye taa inayohesabu watu

Walinipa chumba kizuri na ukumbi wa kufanyia kazi. Wasanii wenzangu walikuwa watano. Mmoja aliweka vipaza sauti kwenye mabomba ili ayasikie maji, mwingine alichora barafu inavyopungua. Kila mtu alifunga mlango wake. Jioni tulikula pamoja, viazi na jibini na mkate wa kuvunja meno, Lena akihakikisha sili nguruwe. Walizungumza lugha yao kwa kasi, kisha mmoja akakumbuka kuniuliza kama ninaona baridi. Nilisema ndiyo. Basi, zamu yangu ikaisha.

Taa ya ukumbi haikuwa na swichi. Iliwaka ukiingia na kuzima ikiona hakuna mtu. Kusuka ukili ni kazi ya vidole, mwili umetulia. Nilikuwa nikikaa dakika chache, taa inazima. Napunga mkono, inawaka. Nasuka, inazima. Siku nzima nchi yenye umeme kuliko zote nilizopata kuona ilikuwa ikiniambia simo.

Nisiwafiche, nilikuwa mpweke mpaka nikaogopa. Hakuna aliyeniita kwa jina. Lena hujaribu, lakini jina langu lamshinda katikati. Siku moja niliketi pale nikajiita mwenyewe kwa sauti, "Mwanamisi!" Nikajiitikia, "Abee!" Taa ikazima.

Tena ukili wenyewe ulikataa. Nyumba zao zina joto kavu la kwenye mabomba. Miyaa ikakauka ikawa inavunjika vidoleni, pa, pa, kama kuni za mkaratusi. Hapa kwetu hatujui kwamba hewa nayo inasuka pamoja nasi. Nililoweka, ikakauka. Nikaifunga kwa kanga mbichi, ikaanza kuota ukungu. Na hata ile iliyokubali ilitoka imepinda, kwa sababu sijawahi kusuka nikiwa kimya. Mkono wangu hufuata maneno. Mishi akisengenya, ukili wangu hunyooka. Wiki mbili zikapita na nina shubiri chache tu, na ile miyaa niliyobeba inapungua. Niliwaza nitarudi na tepe sita ambazo hazijashonwa, na nitawaambia nini.

Zizini kwa Mzee Alois

Nikaanza kutembea. Mwisho wa kijiji kuna zizi la mbao, na siku moja nilipita, mlango wa juu ukiwa wazi, mvuke ukanipiga usoni. Ng'ombe walikuwa bado ndani, theluji ilichelewa kuondoka mwaka ule. Lilikuwa joto lenye maji ndani yake. Pua ikaniambia miyaa itapenda hapa.

Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili, na ya tatu. Nilimwona mzee ndani na koleo lake, ananitazama. Hakusema karibu. Hodi tatu zisipoitikiwa mtu hurudi kwake, na mimi nikarudi. Kesho yake nikaenda tena, hodi tatu, nikarudi. Siku ya tatu hali kadhalika.

Siku ya nne Lena alikuja chumbani uso umemshuka.

"Mzee Alois anauliza kama wewe ni mgonjwa. Anasema kila siku unakuja kuwaambia ng'ombe wake neno moja mara tatu, kisha unaondoka."

"Mimi namwambia yeye! Naomba kuingia!"

"Lakini anasema mlango ulikuwa wazi."

"Mlango wazi si jibu, Lena."

Akalifikiri jambo hilo, kisha akaenda kulipeleka. Asubuhi iliyofuata nilipiga hodi ya kwanza tu. Yule mzee akaegemeza koleo, akavuta pumzi kama anayekwenda kuinua mzigo, akasema, "Karibu." Lena alikuwa amemfundisha. Nililia kidogo, lakini palikuwa na mvuke, hakuona.

Mzee Alois ana miaka themanini hivi. Ujanani alifanya kazi kwenye mahandaki ya maji ya bwawa, akitambaa ndani kwa magoti, miaka mingi. Magoti yake hayakunjiki tena. Hutembea kama mtu mwenye miguu ya mbao, na husimama hata akinywa, au huegemea kihori cha kulishia ng'ombe. Mkewe alifariki zamani. Mpwa wake humletea chakula kila siku saa sita. Hayo yote nimeyajua kwa Lena, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na neno moja tu: "Jo," ndiyo ya kwao. Ukimuamkia, jo. Ukimwonyesha ukili, jo.

Lakini ng'ombe walikuwa wakipumua, naye alikuwa akikwangua sakafu, na mimi nikazungumza. Nilimsimulia habari zenu nyote. Nilimweleza Mishi alivyoanguka kwenye ngoma ya kina Saumu, na alivyodai amesukumwa. Nilizungumza Kidigo, nikachoka nikarudi kwenye Kiswahili. Hakuelewa hata herufi. Ukili ukanyooka. Miyaa ikawa laini kama iko Kinondo. Nilikuwa na iliki kwenye mkoba, nikamchemshia maziwa ya ng'ombe wake kwa chai na iliki kwenye jiko lake dogo la pembeni. Alikunywa amesimama, akatazama ndani ya kikombe, akasema, "Jo, jo." Mara mbili. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu barabarani.

Nilimaliza ukili wa saba, nikazishona tepe zote saba. Mkeka ukatoka, jamani. Nyekundu na nyeusi ya Mishi pembeni, zambarau ya Saumu ikifuata, nyeupe ya Bi Mwanakombo katikati isiyo na rangi hata moja, kwa kuwa yeye hahitaji rangi. Nilivyoutazama niliona mmekaa nyote mstari mmoja.

Jumba la mitambo

Maonyesho yalikuwa siku tatu kwenye jumba kuukuu la mitambo ya umeme, dari iko mbali, mashine za chuma kubwa zimenyamaza. Nilipofika siku ya kwanza niliukuta mkeka wetu ukutani. Wameuning'iniza kwa nyaya, wameumulikia taa mbili, na sakafuni wamechora mstari wa kuwazuia watu wasisogee.

"Lena, mkeka ni wa kukaliwa."

"Utachafuka, Mwana... Utaharibika. Ukiwa juu watauona vizuri."

Ukenda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Nikalifumba siku nzima. Watu walikuja, wakasimama nyuma ya mstari, wakainamisha vichwa upande mmoja. Mimi niliona kitu kimoja tu: mkeka uliotundikwa na wageni waliosimama. Hapa kwetu mwanamke akiacha mgeni asimame na mkeka uko ukutani, habari hiyo inafika Msambweni kabla ya magharibi.

Siku ya pili nilivuta ngazi nikauteremsha. Hakuna aliyenizuia, nadhani walidhani nimetumwa. Nikautandika katikati ya sakafu, nikavua viatu, nikakaa pembeni kama mwenye nyumba, nikaacha nafasi. Nikawatazama usoni nikawaambia, "Karibuni. Karibuni mkae."

Wakakusanyika. Wakafanya duara. Nikasema tena, nikapigapiga mkeka kwa kiganja. Wakatoa simu wakapiga picha. Nikanyoosha mkono kwa mama mmoja mwenye nywele nyeupe, naye akatabasamu akarudi nyuma ili asiniharibie. Nikasema mara ya tatu. Hakuna aliyekaa.

Kisha wakapiga makofi.

Walidhani ndiyo kazi yenyewe. Walidhani nimeigiza. Lena macho yalikuwa yamemjaa machozi, akaniambia ni kitu kizuri kuliko vyote katika maonyesho, na akaniomba nirudie saa tisa. Nilikaa pale juu ya mkeka wa kukaliwa na watu kumi na wawili, peke yangu, wananishangilia. Nimezika wazazi, nimeachwa na mume, sijapata kujiona peke yangu namna ile. Nilikunja mkeka nikaenda nao chumbani. Saa tisa sikurudi. Siku ya tatu sikwenda kabisa.

Basi la kushuka

Basi langu lilikuwa la asubuhi. Huko basi likiandikwa dakika fulani, ni dakika hiyo. Nilitoka mapema, mkoba mgongoni na mkeka begani, nikiwaza maneno ya kumwambia Bi Mwanakombo. La kwanza limenishinda, bibi, hawakukaa. La pili nimelitimiza, huu hapa.

Nikapita kumuaga Mzee Alois. Jua lilikuwa limetoka kwelikweli, ng'ombe wako nje majanini, zizi limefagiliwa. Mbele ya mlango kuna sakafu ya mbao, kavu. Alikuwa amesimama hapo. Jumba la mitambo hakwenda, lina ngazi nyingi.

Nikautandika mkeka pale ili auone tu. Nilisema, "Karibu," kwa mazoea.

Aliutazama mkeka. Akatazama viatu vyake vya mpira. Akaegemea ukuta akavivua, kimoja, cha pili, na hakuna aliyemwambia avue. Soksi moja ilikuwa na tundu kidoleni. Kisha akaanza kushuka. Alishika mlango, akashika bega langu, magoti yakalia, akatoa maneno ambayo nadhani si mazuri, tukayumba wote wawili, akafika chini kwa kishindo katikati kabisa, juu ya nyeupe ya Bi Mwanakombo. Akaninyooshea kidole niketi. Nikaketi. Mkono wake ulikuwa bado umeshika mkono wangu.

Nikachemsha chai. Akanywa, mara hii ameketi. Na alipoketi, alizungumza. Mtu wa neno moja, siku zote zile! Alizungumza akionyesha ukuta wa bwawa kule juu, na magoti yake, na mahali fulani mlimani, na mara moja akafuta jicho. Sikuelewa kitu. Nikamwitikia kila alipopumua, "Ehe. Ndiyo. Pole, mzee," kama tunavyofanya barazani, naye akaendelea. Kiganja chake kilikuwa kikipapasa ukili wa Mishi, huku na huku.

Nikaliona basi kona ya chini, linapanda. Likifika juu linageuza na kushuka, halingoji mtu.

Jamani, nilifikiri. Kumwinua peke yangu kungechukua muda mrefu kuliko alionao dereva. Mpwa wake atafika saa sita na chakula, atamwinua. Ningeweza kumsogeza kando kidogo nikauvuta mkeka, mbao zilikuwa safi, asingeumia. Nilishika ncha. Nilishika kweli, sitawadanganya. Yeye akaniona nimeshika, akanyamaza katikati ya neno, akaanza kutafuta mahali pa kuegemea mkono ili ajaribu kuinuka.

Nikaiachia ncha.

"Kaa, mzee," nikamwambia. "Kaa, umekaribishwa."

Nikavaa viatu, nikamjazia kikombe, nikakimbilia basi. Nilipanda bila kutoa salamu. Kwenye kona ya kwanza niligeuka nikamwona bado yuko pale juani, miguu ameinyoosha, kikombe mkononi, anaendelea kuzungumza na ng'ombe.

Bibi, ulinituma mambo mawili, nimerudi na moja. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mgeni hakunjiwi mkeka. Mimi niliondoka mgeni wetu akiwa bado amekaa.